Nimefunga, nimeomba, bado nimekwama: nifanye nini?

SWALI: Bwana asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mwanamume wa miaka 36, mzaliwa wa Bwera kule Kasese, sasa naishi Mukono na mke wangu na watoto watatu. Nilikuwa nauza mitumba soko la Owino, Kampala. Biashara ilipoyumba nikakopa SACCO, kisha nikakopa kwa mtu anayekopesha mtaani, nikamwachia karatasi za kibanja chetu, kipande chetu cha ardhi (mke wangu hajui hilo). Marobota mawili niliyonunua kwa fedha hizo yakatoka mabovu. Meza yangu sokoni nimeipoteza, sasa nafanya vibarua. Nimefunga siku 21, nimepanda mlima wa maombi wa Seguku, nimetoa mbegu, yaani sadaka ya kutarajia muujiza, kanisani kama nilivyoelekezwa. Hakuna kinachofunguka. Wenzangu wanashuhudia kila Jumapili, mimi niko palepale. Kuna usiku natamani nilale tu nisiamke. Je, Mungu amenikasirikia? Kuna laana ya ukoo inayonifunga? Nitoe mbegu nyingine? Au niondoke, nirudi Bwera, au niende kyeyo, yaani vibarua vya ughaibuni, Dubai? Naomba unionyeshe njia.

JIBU: Asifiwe sana, ndugu yangu. Umeuliza mengi kwa mpigo, na mengine hukuyauliza ila umeyaandika. Nitaanza na lile la usiku.

Kutamani kulala usiamke, mtu mwenye deni na watoto watatu anaweza kulisema kwa uchovu tu. Anaweza pia kulisema kwa sababu ameanza kufikiria namna ya kufanya. Wewe ndiye unayejua uko upande gani. Kama umeanza kufikiria namna, acha kusoma hapa, mpigie mtu simu sasa hivi: kaka, jirani, mzee wa kanisa, yeyote anayeweza kuja kukaa nawe usiku huu. Kesho nendeni hospitali pamoja. Najua jina la Butabika, hospitali ya wagonjwa wa akili, linavyotajwa kwa kicheko mjini hapa, lakini Mulago nako kuna madaktari wa akili, na hospitali za rufaa za mikoani zina vitengo hivyo. Hata kama hujafika huko, ikiwa wiki mbili zimepita usingizi haupo, chakula hakipandi, na hata watoto wakicheka wewe husikii chochote, hiyo ni hali ya kitabibu na ina matibabu. Wakristo wengi huniuliza kama kumeza dawa ya sonona ni kukosa imani. Wanameza dawa ya malaria bila kuniuliza.

Baada ya hapo, fungua 1 Wafalme 19. Eliya ametoka Karmeli, ameona moto ukishuka mbele ya taifa zima, na sura inayofuata anakimbia vitisho vya Yezebeli, anakaa chini ya mretemu, anaomba afe. Angalia Mungu anavyomshughulikia. Hamkemei kwa kukosa imani, wala hamwagizi kufunga. Malaika anamgusa, anamwambia ainuke ale: mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Anakula, analala tena. Anaamshwa mara ya pili, anakula tena. Swali gumu, lile la "Unafanya nini hapa, Eliya?", linakuja baadaye sana, akiwa ameshatembea siku 40 hadi Horebu. Mwili ulitangulia kuhudumiwa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza utakushangaza: kwa sasa acha kufunga. Unabeba mizigo mchana kutwa, hulali, kisha unajinyima chakula wiki tatu. Akili ya mtu aliye katika hali hiyo haiwezi kusikia vizuri, si sauti ya Mungu wala ya mtu mwingine yeyote. Kula. Lala. Ukitaka kufunga tena, utafunga ukiwa na nguvu.

Sasa maswali yako. Je, Mungu amekukasirikia? Je, kuna laana? Wanafunzi wa Yesu walimwona kipofu wakauliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu akakataa yote mawili. Mimi nikiangalia habari zako, sioni fumbo linalohitaji nabii. Robota la mitumba, wewe unalijua kuliko mimi: linauzwa limefungwa, unalipa kwanza, unakata kamba baadaye. Ukikuta mashati yenye madoa na jinzi zilizochanika, hasara ni yako. Mtu anayenunua kwa fedha yake mwenyewe anaumia, anavumilia, anajaribu tena. Wewe ulinunua kwa fedha yenye riba juu ya fedha nyingine yenye riba. Hesabu hiyo inamwangusha hata mtu ambaye ukoo wake wote ni maaskofu. Tafadhali, usiwabebeshe mababu zako wa Bwera mzigo wa marobota mawili.

Na mbegu? Usitoe nyingine. Nasema hivi nikijua kuna watumishi wenzangu hawatafurahi. Paulo akiwahimiza Wakorintho kutoa anasema sadaka hukubaliwa kwa kadiri ya kile mtu alicho nacho, si kwa kadiri ya asicho nacho. Iko 2 Wakorintho 8:12, isome mwenyewe. Fedha unayodaiwa si yako. Ukiichukua ukaiweka madhabahuni umetoa sadaka ya mali ya SACCO, na wadhamini waliokuwekea sahihi ndio watakaoilipa. Toa kidogo ulichonacho Jumapili kama shukrani, mia tano ikiwa ndiyo iliyopo, na usiruhusu mtu akuuzie muujiza.

Kuhusu wenzako wanaoshuhudia, kumbuka tu kwamba anayepewa kipaza sauti ni yule aliyekwisha kufika. Aliye katikati ya safari ameketi kando yako kwenye benchi, naye anadhani wewe umefika.

Tuje sasa kwenye jambo lenyewe. Katika barua yako yote, sentensi iliyonisimamisha uliiweka kwenye mabano: mke wangu hajui hilo. Uliipita haraka, ukaenda kwenye marobota. Mimi nimebaki hapo. Nadhani hapo ndipo ulipokwama, na nitakueleza kwa nini.

Chukua kila njia uliyoifikiria uone inapita wapi. Kwenda SACCO kuomba wapange upya malipo: unaogopa watapiga simu nyumbani. Kurudi Bwera: mke atauliza kibanja cha Mukono kinaachwaje. Dubai: tiketi na ada zinahitaji dhamana, na dhamana imeshatoka nyumbani. Kuomba pamoja na mke wako usiku: utaomba nini mbele yake? Njia zote zinakutana kwenye karatasi zile zilizoko kwa mkopeshaji. Hata maombi yako ya Seguku, ukiyachuja vizuri, nadhani yalikuwa yanasema hivi: Mungu, nitoe hapa kabla mke wangu hajajua. Ombi hilo ni gumu kujibiwa, kwa sababu linamtaka Mungu awe mshiriki wa siri.

Kuna mtu katika Biblia aliyekuwa na siri ya namna hiyo. Yakobo, kijana, aliingia kwa baba yake kipofu akiwa amevaa ngozi za mbuzi mikononi. Baba akamuuliza, wewe ni nani? Akajibu, mimi ni Esau. Akapata baraka kwa jibu hilo, na siku zilizofuata akakimbia nyumbani. Alikaa kwa Labani miaka 20. Alitajirika, akaoa, akazaa, lakini habari ya kaka yake ilibaki palepale, na siku alipotaka kurudi ilikuwa inamngoja njiani pamoja na watu 400. Usiku ule kwenye kivuko cha Yaboki alibaki peke yake, mtu akashindana naye mpaka alfajiri, akamuuliza: jina lako nani? Safari hii alijibu, Yakobo. Akabarikiwa kwa jina lake mwenyewe. Asubuhi alivuka akichechemea, akatangulia mbele ya wake na watoto, akainama mara saba kumwelekea Esau. Tambua kwamba Mungu hakumwondoa Esau njiani. Alimpa Yakobo uwezo wa kumwendea.

Watu wa Uganda tuna historia yetu ya jambo hili. Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe, Mganda Simeoni Nsibambi na daktari mmoja Mwingereza aliyefanya kazi Gahini, Rwanda, jina lake Joe Church, walikaa siku mbili wakisoma Maandiko na kuomba. Wote wawili walikuwa wamechoka na ukavu wa kanisa. Ule uamsho tunaouita wa Balokole, yaani waliookoka, ulichipuka katika mazingira hayo, ukaenda Rwanda, Kigezi, Kenya, Tanganyika. Wazee wa uamsho walikuwa na desturi ya kukutana kila wiki na kutembea nuruni, maana yake kusema wazi mahali ulipoanguka na kurekebisha unachoweza kurekebisha. Watu walirudisha vitu walivyoiba, wakaenda kwa waliowadhulumu, wakalipa. Kwa hao, kuokoka kulikuwa na risiti.

Sikwambii uende ukasimame mbele ya kanisa useme habari za kibanja. Hata desturi ile nzuri wengine waliigeuza kuwa maonyesho, mtu akaungama leo, na kesho jina lake liko kisimani. Mambo ya ndani ya nyumba si ya kipaza sauti. Anayekudai ukweli ni mke wako, na yeye ndiye wa kwanza kuambiwa.

Utaniambia: Mchungaji, Biblia inasema simama tu, Bwana atakupigania. Nimeuona mstari huo kwenye kioo cha nyuma cha taxi nyingi za Kampala, nami naupenda. Uko Kutoka 14, mstari wa 13 na 14. Wachapishaji wa stika huishia hapo. Mstari wa 15 Mungu anamuuliza Musa: mbona unanililia mimi? Waambie watu waendelee mbele. Na bahari wakati huo ilikuwa bado haijagawanyika. Kuna wakati wa kusimama na kuna wakati wa kuweka mguu, na ukishajua kitu kimoja ambacho ni sahihi kukifanya, huhitaji ishara nyingine kukifanya.

Basi tufanye hivi. Nunua daftari la watoto wa shule, lile la kurasa 48. Andika kila deni kwenye mstari wake: ni la nani, ulichukua kiasi gani, tarehe gani, riba ni ngapi, umelipa nini, kinabaki nini, na nani alikuwekea sahihi. Usiache hata la dukani la sukari. Kama hujui salio la SACCO, nenda ukaombe taarifa ya mkopo wako kwanza. Waume wengi hukosea hapa: wanaungama nusu, milioni mbili wanaitaja, milioni tatu wanaificha waone hali ya hewa. Mke akigundua ile nusu ya pili baadaye, hataamini tena hata ya kwanza. Heri siku moja mbaya sana kuliko siku mbaya kumi.

Chagua jioni ambayo watoto wamelala na yeye hajatoka kwenye kazi ya kumvunja mgongo. Zima simu. Usianze na Mungu, usianze na Shetani, usianze na uchumi wa nchi. Anza na ulichofanya: "Mama watoto, nilichukua karatasi za kibanja chetu nikampa mtu anikopeshe fedha. Sikukuambia. Nilikosea kukuficha. Hesabu yote iko hapa." Mpe daftari. Kisha nyamaza. Hapo ndipo ule mstari wa 14 wa Kutoka 14 unafaa, kunyamaza kimya. Atalia, au atafoka, au ataingia chumbani afunge mlango, au atakuambia alijua siku nyingi. Usijitetee usiku huo. Usimdai msamaha kana kwamba ni malipo ya ujasiri wako. Kama unaogopa hali itachafuka, waombe wasimamizi wenu wa ndoa wawe karibu, au waje kesho yake. Hiyo ndiyo kazi waliyoikubali siku ile mbele ya madhabahu, ingawa wengi wao hudhani iliisha kwenye kukata keki.

Karatasi za kibanja zina upande wa sheria ambao lazima muujue wote wawili. Sheria ya Ardhi ya Uganda hairuhusu ardhi ambayo familia inaishi au inapata riziki yake kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Sheria ya Rehani ya mwaka 2009 inasema vivyo hivyo kuhusu nyumba ya ndoa. Na mkopeshaji wa mtaani, tangu sheria ya mwaka 2016, anatakiwa kuwa na leseni kutoka mamlaka iitwayo UMRA. Muulize leseni yake. Kama mlisaini chochote kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la kijiji, tafuta nakala. Mke wako anaweza kwenda FIDA-Uganda, chama cha wanasheria wanawake, au mwende pamoja Justice Centres. Hao husaidia wasio na uwezo wa kumlipa wakili. Lakini usitumie sheria hiyo kama mlango wa kukimbilia. Fedha ya yule bwana uliichukua. Zaburi ya 37 inamwita asiye haki yule anayekopa asilipe. Sheria ilinde kibanja cha watoto, nawe ulipe deni kwa mpango unaoingia akilini.

Kwa SACCO nenda mapema, kabla hawajakutafuta, na nenda na kiasi fulani mkononi hata kiwe kidogo. Waombe wapange upya malipo. Chama chochote chenye akili kinapenda kupokea elfu hamsini kila mwezi kuliko kuwaandama wadhamini wako. Na wadhamini hao waambie wewe mwenyewe. Usiache wakasikie kwa afisa mikopo.

Huenda unajiuliza, je, nikisema kila kitu halafu mambo yakawa mabaya zaidi? Yanaweza. Sitakuahidi kwamba ukisema ukweli Jumatatu, Ijumaa meza yako Owino itarudi. Wewe ni wa milima ya Rwenzori, labda ulishasikia habari za Apolo Kivebulaya, aliyevuka kutoka Toro kwenda Boga, upande ambao leo ni Kongo, mwishoni mwa karne ya 19. Alipigwa huko, kisha akasingiziwa kifo asichokisababisha na kutupwa gerezani Toro. Humo gerezani alimwona Kristo, ambaye alimwambia asiogope kwa kuwa yuko pamoja naye. Ukiniuliza alipewa nini pale, nitakuambia hakupewa ramani wala tarehe ya kutoka. Alipoachiwa alirudi Boga ileile, kwa watu walewale, na huko ndiko alikofariki mwaka 1933. Ninachokuahidi ni kile alichopewa yeye.

Na maombi? Omba, ila badilisha namna. Umejifunza kuomba kwa amri: fungua, vunja, achilia. Kwa muda fulani omba kwa kulalamika. Zaburi ya 13 inaanza kwa kumuuliza Mungu hadi lini atamsahau mja wake. Zaburi ya 88 haina hata mstari mmoja wa ushindi. Inaanza kwa kilio na inamalizika gizani, na bado imewekwa katika Biblia tuiombe. Soma moja kila usiku kabla ya kulala, kisha mwambie Mungu yako kwa Lukonzo, lugha uliyoombewa nayo na mama yako, maana katika lugha hiyo hujui kuigiza. Dakika kumi zinatosha. Mke wako akiwa tayari, siku moja atakaa nawe. Usimlazimishe.

Limebaki la Bwera na Dubai. Usiamue sasa. Mtu anayeondoka akiwa na siri anaihamisha tu, na kule Dubai itakuwa mbali zaidi na dawa yake. Mkishaweka daftari mezani na kujua mnadaiwa nini hasa, kaeni ninyi wawili mwulizane. Bwera kuna soko la Mpondwe mpakani, unajua Kiswahili cha Wakongo, una ndugu. Si aibu kuanza upya mahali ambapo kodi ya nyumba ni ndogo. Kama mtakubaliana kyeyo, hakikisheni kampuni ya kazi iko kwenye orodha ya walioidhinishwa na Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, soma mkataba kabla ya kulipa, na usilipe ada ya mtu yeyote kwa mkopo mwingine. Na pasipoti yako ikitoka, picha yake ibaki kwenye simu ya mke wako.